Chakula cha Bakteria

Mumewe alivua viatu mlangoni, lakini harufu ilikuwa imeshamtangulia hadi kwenye cherehani. Harufu tamu, iliyochacha. Fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye pedali. Aliijua harufu hiyo. Alilala nayo kitanda kimoja miaka mingi, mpaka mume alipoapa mbele ya Mungu kwamba hatagusa tena pombe. Naye mke aliapa la kwake: mume akirudia, yeye anafunga virago.

"Umetoka wapi, Baba Watoto?"

"Kazini. Kwani wapi?"

"Huko kazini mnakunywa nini?"

Mume alicheka kidogo. "Ni molasi, mke wangu. Tunawalisha bakteria."

Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha uwanja wa gereji ya zamani, ambako mafuta machafu ya magari yalimwagwa hadi udongo ukawa mweusi tii. Bakteria wa udongoni, alieleza, wanayala mafuta hayo na kuyamaliza. Molasi inawatia nguvu.

"Wanakula mafuta, wanashushia na molasi. Na wewe unawasindikiza?"

Mume hakubisha. Alikwenda kuoga. Kutobisha huko ndiko kulikomkaa mkewe rohoni. Alipiga magoti kuomba, lakini hata katikati ya sala pua yake ilikuwa kazini.

Asubuhi aliacha gauni la mteja bila pindo, akaenda kwenye gereji hiyo. Langoni alimkuta mtaalamu wa udongo, binti mwenye buti za mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe hao walevi wenu."

Binti alicheka, akafunua turubai kwenye rundo moja, akampa konzi ya udongo uliokwisha kusafishwa. Ulinukia kama shamba baada ya mvua. Aliunusa mara ya pili, maana hakumwamini hata huyo binti.

"Na molasi?"

"Iko nyuma, kwenye pipa. Jua likiipiga inachacha."

"Mtu akiinywa, inalevya?"

"Ikichacha sana, ndiyo."

Fundi alizunguka nyuma bila kuaga. Mumewe alikuwa ameinama juu ya pipa, anakoroga kwa ubao, kitambaa puani, macho ameyafumba, midomo inacheza. Anaongea na nani? Alinyata, akasikiliza.

"Ee Mungu, nivushe leo. Leo tu."

"Baba Watoto."

Mume alishtuka, kitambaa kikamteleza. "Sijaonja! Hata tone. Lakini pipa hili linaniita, mke wangu. Kila siku linaniita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefunga virago."

Mkewe alimsogelea, akamnusa mdomo waziwazi, bila aibu. Chai tu. Ndipo akamnyang'anya ubao.

"Nenda kageuze udongo. Binti! Mkorogaji wenu nimembadilisha!"

"Mama, kwani unajua kukoroga?"

"Watoto wanne nimewalea kwa uji."

Akaanza kukoroga. Hata hivyo, jicho lake moja lilimsindikiza mumewe mpaka kwenye marundo.