Bunduki Moja ya Nyani na Nyati

Tangu Abdilatif azikwe, kaka yake Abubakr hakuwa ametoa chozi hata moja, na watu wa Majengo pale Meru walikuwa wameanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Si kwamba alikuwa na roho ngumu. Alikuwa ameganda tu. Asubuhi alifungua bucha yake upande wa Kinoru, akaning'iniza mbuzi, akakata, akapima, akafunga, na mtu akimpa pole alijibu "ahsante" kama mtu aliyeulizwa saa. Siku moja kisu kilimteleza kikamchana kidole, akasimama akiitazama damu ikidondoka kwenye gogo la kukatia nyama, mpaka mteja akamwambia, mzee, hiyo ni yako. Hali hiyo ilimtisha. Lakini hata huo woga aliusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Ndipo Kirimi alipokuja na pikapu yake, akaegesha mbele ya bucha, asishuke. Alikaa humo ndani huku ameshika usukani, kofia mapajani. Abubakr alifuta mikono akatoka kumwona.

Kirimi ni mkulima wa ngano kule Timau, Mmethodisti wa kutegemewa, mtu wa maneno machache na salamu ndefu. Urafiki wao wameurithi. Baba yake Abubakr alikuwa mwenye bucha vilevile, na kila mara mnyama wa porini alipopigwa risasi kwenye shamba la baba yake Kirimi, yeye ndiye aliyeitwa na kisu chake. Najua utaniambia sheria inakataza nyama ya porini kuliwa. Inakataza, ndiyo. Kila mtu Timau anaijua hiyo sheria, na kila mtu ana sufuria.

Sasa, kwa nyumba ya akina Abubakr, mnyama aliyepigwa na mtu asiye wa dini yao hakuliwa mpaka kisu kipite shingoni mwake roho ikiwa bado imo. Roho ikitangulia, huo ni mzoga, na basi. Ndiyo maana mzee wao aliwafundisha kukimbia kabla ya kuwafundisha kuchinja. Bunduki ikilia, wewe ni mbio, kisu mkononi, jina la Mungu mdomoni. Watoto wa Timau walikuwa wakiwacheka, wanaume wazima wanakimbilia mnyama anayekufa kana kwamba amewaita.

Na hivyo ndivyo Abdilatif alivyokufa. Yeye na Abubakr walikuwa wamepanda shambani kwa Kirimi kuchagua kondoo, nyati akashuka kutoka msituni mchana kweupe, akakata ngano katikati na kuwabana wanawake wa palizi ndani ya kibanda cha pampu. Askari wa wanyamapori walipigiwa simu, wakawa njiani. Nyati akaanza kuupiga ukuta wa mabati kwa pembe, na mle ndani Karwirwa, nyapara wao, alisikika akiomba kwa Kimeru. Kirimi akakimbilia bunduki yake. Ilikuwa bunduki nyepesi, ya risasi nyembamba, aliyokuwa nayo kwa ajili ya nyani na ngiri wanaomfukulia viazi. Hakuwa na nyingine. Akapiga.

Nyati akapiga magoti, akalala ubavu. Abubakr, ambaye goti lake halimruhusu kukimbia siku hizi, akamwambia mdogo wake neno moja tu: "Wahi!" Abdilatif akawahi. Alipofika karibu kiasi cha kuinama, nyati akasimama.

Baadaye askari walifika na bunduki yao kubwa, wakammaliza kwa risasi moja. Wanawake walitoka kibandani salama. Kisu cha Abdilatif kiliokotwa kwenye ngano kikiwa safi, na Abubakr alikirudisha nyumbani ndani ya soksi, akakiweka juu ya kabati. Alikijua kile kisu. Hata kuoshwa hakikuhitaji.

Kwa hiyo Kirimi alipokaa ndani ya pikapu bila kushuka, Abubakr alijua amekuja kwa jambo zito. Kirimi akasema bunduki ile nyepesi ameirudisha polisi, hawezi tena kuishika. Kibali chake kinamruhusu bunduki moja tu, na nyati bado wanashuka. Sasa anataka kununua nyingine, ya nyani na ya nyati, na hawezi kuichagua peke yake. Akaongeza, akitazama usukani, kwamba bado majirani wataitaka nyama, na mtu wa kisu amebaki mmoja.

Huyo mmoja ni Abubakr, na goti lake.

Hakukataa. Angekataaje, na yeye hakuwa akihisi kitu? Alifunga bucha, akapita kwanza nyumbani kumuaga Safiya, mke wa marehemu, aliyekuwa ndani akikaa eda. Alisimama nje ya pazia, akamweleza anakokwenda na kwa nini. Alimweleza pia habari ya mtu wa kisu, maana Safiya si mtu wa kufichwa.

"Shemeji," Safiya akasema, "usiniletee maiti ya pili."

"Sawa," akajibu.

Alimjibu kama mtu aliyeagizwa chumvi. Hata yeye alilisikia jibu lake na kuliona baya, lakini hakuwa na lingine.

Duka la bunduki lilikuwa ghorofani nyuma ya soko, mlango wa chuma, kamera juu. Muuzaji alikuwa kijana anaitwa Oscar, mtu wa kuongea, tena wa kuongea kwa raha, kwa sababu bunduki aliipenda kama wengine wanavyopenda magari. Aliwatolea tatu, akazilaza juu ya zulia la kijani kibichi moja baada ya nyingine. Abubakr aliziona kama mapande ya nyama. Hii paja, hii bega, hii shingo.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, karibu na ile iliyorudishwa. Oscar akasema hiyo kwa nyani, tumbili, nungu na mbweha haina mpinzani. Haina kelele nyingi, haikupigi begani, na risasi yake inaenda moja kwa moja kama uzi. Lakini ukimpiga nyati nayo, unamkasirisha tu. Alilisema hilo akicheka kidogo, kisha akaona nyuso za wateja wake na kicheko kikamfia. Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Akaikunja ile bunduki ndani ya kitambaa chake haraka, akaiondoa mezani.

Ya tatu ilikuwa kubwa, mtutu mnene, risasi zake zinajaza kiganja. Hiyo, Oscar akasema, sasa kwa sauti ya chini, ni ya nyati hasa, hata akija usoni. Ila ukiitumia kwa nyani ni fujo, utaokota mkia tu, na bega lako litajua kwamba umepiga. Mtu hatoki nayo kila asubuhi kulinda viazi.

Iliyobaki katikati ndiyo iliyomvutia Kirimi. Oscar akakubali kwamba wakulima wengi huichukua hiyo, kwa sababu inafanya yote mawili kwa kiasi. Nyani haimchani sana. Nyati itamwangusha, ikiwa mkono umetulia na risasi imeingia mahali pake. Ataanguka, atahangaika kidogo, kisha atakufa.

Kirimi akaishika, akaipima begani, akamgeukia Abubakr. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa zawadi.

"Hii itakupa nafasi, Abu," akasema. "Ya kufika na kisu."

Abubakr alimwangalia. Hapo ndipo alipokumbuka kitu ambacho siku zote alikijua. Zamani kwa akina Kirimi kulikuwa na bunduki kubwa, ya babake, yenye mtutu kama huo mnene. Baba yake Abubakr ndiye aliyelalamika. Alisema bunduki hiyo inaua kabla mtu hajavuta hatua, kila siku wanaitwa kuja kutazama mizoga, nyumba yao inarudi na masufuria matupu huku wengine wakila. Alilisema kwa utani, kama wanavyotaniana marafiki. Lakini mzee wa Kirimi alikuwa na adabu, akaiuza, akanunua nyepesi ili jirani wa dini nyingine naye apate fungu lake. Kirimi akairithi ile adabu pamoja na shamba. Hakuna aliyekuwa mjinga pale, hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Watu walikuwa wanaheshimiana tu, miaka nenda miaka rudi, na heshima hiyo ndiyo iliyomsimamisha Abdilatif mbele ya nyati aliye hai.

Kitu kilisogea kifuani mwa Abubakr, kidogo sana, kisha kikatulia tena. Alikuwa karibu kukishukuru kwa kutulia.

Akamuuliza Oscar kuhusu ile kubwa. Mnyama akipigwa vizuri na hiyo, tangu anguko lake mpaka roho imtoke, mtu ana muda gani wa kumfikia?

Oscar akafikiri, safari hii bila mbwembwe. "Hana muda, mzee. Ukifika utakuta imekwisha."

"Basi chukua hiyo," Abubakr akamwambia Kirimi.

Kirimi hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Akauliza na nyani je. Abubakr akasema nyani wapigiwe madebe, kama walivyokuwa wakipigiwa zamani, wala hawajammaliza mtu viazi akafa njaa. Kirimi akazunguka, akarudi pale pale kwa sauti ya taratibu: na nyama? Ikishapigwa na hii, nyinyi mtakula nini?

"Mtakula nyinyi," Abubakr akasema. "Sisi hatuji tena. Mimi siji, wala simtumi mtu. Waambie majirani mtu wa kisu hayupo."

Kirimi akaiweka ile ya katikati mezani, polepole, kana kwamba ni kikombe kilichojaa. Kisha akaanza kulia. Mzee mzima, mzee wa kanisa, mbele ya kijana wa dukani, mabega yanamtikisika. Alisema babake alimwachia bunduki ile nyepesi kwa wema. Alisema ile ile sentensi mara mbili. Abubakr alimshika mkono, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa, akaona mkono huo una joto na wake hauna. Alimwambia anajua. Alimwambia hana kinyongo, na ilikuwa kweli, kwa sababu kinyongo nacho kinahitaji mtu anayehisi. Oscar alijifanya anatafuta karatasi.

Wakaandika yaliyohitajika kuandikwa. Kirimi akamrudisha kwa gari mpaka mlangoni kwake, na walipoagana Kirimi alishuka garini safari hii na kusimama wima.

Safiya alikuwa jikoni, pazia limefungwa nusu, chungu cha maharagwe kwenye jiko. Abubakr akaketi kwenye kiti cha nje ya pazia, kiti alichokuwa akikaa Abdilatif akisubiri chai. Akamweleza yote: ndogo, ya katikati, kubwa. Akamwambia wamechukua kubwa. Akamwambia hatakwenda tena Timau na kisu, na kwamba mambo ya kukimbia yamekwisha katika nyumba hii.

Safiya akakoroga chungu. Mwiko uligonga ukingoni.

"Hiyo kubwa," akauliza, "ingekuwa ndiyo aliyokuwa nayo Kirimi siku ile?"

"Nyati angekufa pale pale."

"Na Abdilatif?"

Abubakr alifikiri. Aliiona ngano, aliona kibanda cha pampu, alimwona mdogo wake na kisu chake. "Angetembea," akasema. "Angejua hakuna haja. Angetembea tu mpaka pale, aangalie, arudi."

Safiya akafunika chungu. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo, na Abubakr alilazimika kusogeza sikio kwenye pazia. Alisema asubuhi ile ya safari alimtania mumewe mlangoni. Alimwambia wewe unapanda Timau kila mara, unarudi na mafuta na mifupa ya kondoo, leo usirudi bila ini. Alikuwa akicheka. Abdilatif naye alicheka.

"Ingekuwa hiyo kubwa," akasema, "ini la yule nyati lingekuwa haramu."

"Lingekuwa haramu."

"Tungekula maharagwe."

Abubakr alifungua mdomo kumjibu kwamba ndiyo, wangekula maharagwe, watu wote wa nyumba, wamekaa kwenye mkeka, Abdilatif akilalamika kwamba hayana nazi ya kutosha kama anavyolalamika siku zote, na kisu kikiwa juu ya kabati. Lakini harufu ya chungu ilimjia puani kwanza, ile harufu ya kawaida ya jioni yoyote. Kisha akainama, akafunika uso kwa kanzu yake, akalia mpaka Safiya akaogopa, akampakulia sahani huku shemeji yake bado analia, akaipitisha chini ya pazia.

Abubakr akaipokea. Akaila yote, maharagwe na chozi.