Fimbo Inayolemea Mbele

Kwa muda mrefu Sostenes hakuwa ametaka kitu. Ukimpa ugali alikula, usipompa alinyamaza. Tangu mkono wake wa kulia ulipoanza kunyauka, vidole vikajikunja, nyama zikanywea hadi mifupa ikahesabika, na karakana yake ya useremala pale Makole ikafungwa kwa kufuli, alikuwa mtu wa kukaa barazani na kutazama wapita njia. Giza lilipoingia aliinuka akaingia ndani bila kuitwa. Ndiyo maana asubuhi ile aliposema, "Mama Erica, nataka fimbo ya kuvulia samaki," nusura mkewe, Priska, aimwage sufuria ya uji.

"Fimbo?"

"Ya kuvulia. Nataka niende Hombolo, bwawani."

Zamani, kila alipomaliza kazi kubwa, mlango wa kanisa au kabati la bi harusi, Sostenes alikuwa akichukua mwanzi wake mrefu na kopo la minyoo akaenda Hombolo. Alirudi jioni na perege wachache kwenye kamba, ananuka tope, anaimba. Lakini ule mwanzi ulikuwa wa mikono miwili. Tena ulishaliwa na mchwa.

Priska hakuuliza maswali. Aliiogopea ile hamu ndogo iliyochungulia, isije ikashtuka ikarudi ilikotoka. Aliingia chumbani, akafungua sanduku, akachukua fedha aliyokuwa akiiweka kidogo kidogo kutokana na karanga zake za kukaanga ili anunue bati za jikoni kabla ya mvua. Jiko lilikuwa likivuja miaka yote. Litavuja na mwaka huu.

Walianzia duka la vifaa vya michezo mjini. Fimbo zilikuwepo, mpya, zinang'aa, zimepangwa ukutani kama mikuki ya jumba la mtemi. Bei ya ile ndogo kabisa ilitosha kununua mbuzi wawili na jogoo juu yake. Priska alimshukuru muuzaji, wakatoka.

"Twende kwa Shaaban," Sostenes akasema.

Shaaban alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyehamia mjini siku nyingi. Alikuwa na kibanda sokoni Sabasaba, akiuza mitumba ya kila aina isipokuwa nguo: pasi, feni, viti vya watoto, na fimbo za kuvulia zilizokuja zimechanganyika na takataka nyingine za Ulaya. Milango ya nyumba yake yote aliitengeneza Sostenes. Yeye mwenyewe alipenda kuvua, na aliposikia wanataka nini, uso ukamchanua.

"Shemeji, leo umenifurahisha! Kaka, keti hapa. Leo nitawapa elimu bure."

Alitoa fimbo kadhaa nyuma ya kibanda akazilaza juu ya meza.

"Watu wengi wakinunua fimbo wanatazama rangi," alimwambia Priska. "Wengine wanatazama urefu, wanadhani ndefu ndiyo kali. Fimbo huitazami, unaipima. Na huipimi tupu. Unaifunga kwanza mashine yake." Akachukua kigurudumu cha kukunjia mshipi, akakifunga kwenye mpini. Kisha akaweka kidole kimoja chini ya mpini, mbele kidogo ya ile mashine, akaiachia fimbo ijilaze yenyewe juu ya kidole. Ncha ikainama taratibu mpaka ikagusa meza. "Umeona? Hii inalemea mbele. Ukiishika, ni kama umebeba ndoo kwa ncha ya mti. Kabla jua halijapanda mkono umeshachoka, na samaki hata hajaja. Mtu wa mikono miwili atavumilia. Huyu ndugu yangu hapana."

Akaijaribu ya pili, ikainama. Ya tatu ikainama. Ya nne ilikuwa fupi, nyeusi, nyepesi, imevunjika kipete kimoja cha kupitishia mshipi. Shaaban aliilaza kidoleni akaondoa mkono mwingine. Ilitulia. Ilielea pale, haikwenda mbele wala nyuma, na Priska, ambaye hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia maishani mwake, akajikuta anatabasamu.

"Hiyo hapo," Shaaban akasema. "Kipete nitakifunga kingine sasa hivi. Kwa sababu ya ubovu huo ndiyo maana watu wameiacha. Wajinga! Shika, kaka."

Sostenes aliipokea kwa mkono wa kushoto. Aliiinua mbele yake, akaishikilia, akaitazama ncha. Uso wake ulijifunga kama dirisha.

"Inalemea mbele," akasema.

"Haiwezekani." Shaaban akaichukua, akailaza tena kidoleni. Ikatulia. "Tazama mwenyewe."

"Inalemea."

Shaaban hakubisha. Mteja ni mteja, tena huyu ni fundi, mtu anayejua uzito wa randa na nyundo kwa kuzigusa tu. Alifungua ile mashine akafunga nyingine nzito zaidi, ili ivute nyuma. Sostenes akaishika. "Bado." Shaaban akatafuta nati mbili za chuma, akazifunga kwenye kitako cha mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Safari hii alipoilaza kidoleni, kitako kilishuka na ncha ikapanda juu.

"Sasa inalemea nyuma, kaka. Nyuma kabisa."

Sostenes aliishika muda mrefu kuliko zote. Jasho lilimtoka puani. "Mbele," akasema kwa sauti ya chini.

"Baba Erica!" Priska uvumilivu ulimwishia. "Hata malaika akikuchongea fimbo utamkosoa! Kaka Shaaban ana kazi nyingine, hayuko hapa kwa ajili yetu tu."

Shaaban aliichukua fimbo. Alikuwa akiutazama mkono wa kushoto wa rafiki yake, pale katikati ya kidole gumba na cha shahada, ambapo nyama ilikuwa imebonyea kama tunda lililokaa sana. Akautazama, kisha akainama haraka akaanza kufungua zile nati.

"Chukueni hii," akasema. "Nawapa na mshipi, na ndoano. Shemeji, nipe nusu tu." Na alipopokea fedha hakumtazama Priska machoni. Priska alidhani ni aibu ya mtu mwema anayepunguza bei.

Walikwenda Jumamosi kwa bajaji ya Iddy, jirani yao. Walipita Ihumwa, wakavuka reli, wakaingia barabara ya vumbi yenye mashamba ya zabibu kandokando. Upepo wa mwisho wa kiangazi ulikuwa ukivuma, ule unaojaza mchanga kwenye meno. Sostenes alikaa nyuma ameikumbatia fimbo kifuani, na kila walipopita mahali alipopajua alitaja jina lake. Priska alimsikiliza akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mume wake alikuwa akizungumza.

Bwawa lilikuwa limepungua. Maji yamejivuta katikati, yameacha ukanda mpana wa tope lililopasukapasuka. Iddy aliwashusha, akaenda kutafuta kivuli cha kulalia. Priska aliweka kigoda pembeni ya maji, akachomeka mnyoo kwenye ndoano huku amefumba jicho moja kwa kinyaa, na Sostenes akamcheka. Akacheka kweli, kwa sauti.

Walikuwa wamepanga hivi: yeye arushe na kushika fimbo kwa mkono wake wa kushoto, samaki akinasa, aubane mpini katikati ya mapaja, azungushe mashine kwa mkono uleule. Mara ya kwanza ndoano iliangukia miguuni. Mara ya pili ilienda mbali kidogo, boya likasimama juu ya maji.

"Umeona?" Priska akasema. "Umeona, baba Erica? Fimbo nzuri hii."

Sostenes aliinama mbele. Alikuwa ameegemeza kiwiko kwenye goti, macho yake yako kwenye boya, na kwa kitambo kile alikuwa tena yule mwanamume aliyemwoa.

Boya lilizama ghafla. Mshipi ukakaza, fimbo ikapinda.

"Amekula! Inua! Inua!"

Fimbo haikuinuka. Ncha ilishuka, ikashuka, ikagusa maji. Priska akaona vidole vya mume wake vikifunguka kimoja baada ya kingine, polepole, kama vinavyofunguka vya mtoto aliyelala na mkate mkononi. Mpini ukateleza, ukaanguka kwenye tope, ukaanza kuburutwa kwenda majini.

Aliruka. Alizama magotini, akaanguka kifudifudi, akaidaka fimbo kwa kitako maji yakiwa yameshamfika kiunoni. Mshipi ulikuwa umekatika. Alirudi ufukweni ametapakaa tope mpaka kwenye nywele, na hasira zilimpanda zisizo na breki.

"Ungeinua tu! Kitu kidogo hivyo, kuinua! Nimetoa fedha ya bati, nimekodi bajaji, nimeshika minyoo kwa mikono yangu, wewe unaachia? Unaachia tu?"

Sostenes aliunyoosha mkono wa kushoto mbele yake. "Tazama," akasema.

Mkono ulitetemeka. Haukukaa juu hata kwa muda wa kusema Baba Yetu. Ulianza kushuka wenyewe. Na chini ya ngozi, kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, nyama zilikuwa zikirukaruka, hapa na pale, bila mpango. Priska aliyajua hayo. Aliyaona mwaka uliopita kwenye mkono wa kulia.

"Fimbo haina kosa," Sostenes akasema. "Hakuna hata moja pale kwa Shaaban iliyokuwa na kosa."

Priska akakaa palepale kwenye tope.

"Daktari aliniambia ile siku ya hospitali, ulipokwenda kununua maji nje. Aliniambia ni mishipa ya fahamu, inakufa. Mkono mmoja, halafu wa pili. Halafu miguu. Hawana dawa yake."

"Mwaka mzima, baba Erica. Mwaka mzima hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilikuwa nangoja. Nyumbani vitu vyote vina uzito. Ndoo nzito, mlango mzito. Kikinishinda nasema ni uzito wake. Nikaona nitafute kitu kilichosawazishwa, kisicholemea huku wala huku. Hicho kikinishinda, basi nimejua."

"Kwa hiyo pale kibandani ulishajua."

"Nilijua. Shaaban naye alijua." Akaitazama fimbo. "Lakini nilitaka nivue mara moja tu."

Priska alilia. Hakulia kwa heshima, kama wanawake wanavyolia kanisani. Alilia kwa mdomo wazi, na bwawa lile pana lisilo na mtu halikumrudishia hata mwangwi. Alipochoka akainuka. Alifunga ndoano nyingine, Sostenes akimwelekeza kwa mdomo jinsi fundo linavyopita chini kisha juu. Lilifunguka, akalifunga tena. Kisha akakaa nyuma ya mume wake kwenye tope, akapitisha mikono yake chini ya mikono ya mumewe, akakishika kile kiganja juu ya mpini.

Fimbo ilikaa sawa. Haikulemea popote.

Walingoja hivyo hadi jua likapunguza makali. Boya lilisimama wima bila kutikisika. Hakuna samaki aliyekuja, na Iddy alipopiga honi barabarani walikuwa bado wamekaa vilevile. Priska alimwinua kwa kumshika makwapani. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Mvua zilipoanza, Sostenes alikuwa hawezi kushika kijiko. Gharama za Makole ziliwashinda, wakahamia Chamwino kwenye shamba alilorithi Priska kwa baba yake. Erica alipiga simu kutoka Mwanza, alituma alichoweza, akalia kwenye simu. Mchungaji alikuja. Baada yake wakaja watu wengine wenye mizizi na maelezo, na Priska aliwaacha wote wafanye walichotaka, maana hakuwa na imani ya kuwafukuza. Miguu ilikufa karibu na Pasaka.

Uwele ulipoanza kukomaa, ndege nao walikuja kama kawaida yao, makundi kwa makundi, meusi juu ya shamba. Sostenes mwenyewe ndiye aliyesema, "Nipeleke shambani. Sauti bado ninayo." Priska alimbeba mgongoni asubuhi, akamketisha kwenye kiti alichomfungia kwa kanga asianguke, kwenye kichuguu katikati ya shamba. Na kweli, alifaa. Ndege walipotua alipiga ukelele mmoja mkali wa wachunga ng'ombe, ule wa utoto wake kwa Wagogo wenzake wa Mvumi, wakaruka wote. Siku hizo alikula vizuri. Jioni akirudishwa alikuwa amepwelewa na sauti, na Priska alimnywesha maji ya moto akadhani ni kwa ajili ya kelele.

Asubuhi moja alikuwa mwisho wa shamba anachuma kunde. Alichuma kwa kitambo, akajaza ungo nusu, ndipo alipogundua kuwa kumekuwa kimya. Akainua kichwa. Ndege walikuwa wametua upande mzima wa juu, mashuke yameinama kwa uzito wao, wanakula bila haraka. Katikati yao Sostenes alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Kichwa amekirudisha nyuma, mdomo ameufungua wote, na mishipa ya shingo imemtoka. Alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichosikika.

Priska alitupa ungo. Alikimbia katikati ya uwele huku akipiga ukelele, akipiga makofi, akirusha madongoa, hadi akafika chini ya kichuguu. Ndege waliruka, wakazunguka, wakatua ng'ambo. Sostenes alimtazama, machozi yakimshuka, hana mkono wa kuyafuta.

Alimfuta kwa upande wa kanga. Kisha akasimama kando ya kiti chake, akawapigia ndege kelele siku nzima, yeye peke yake, mpaka naye sauti ikamkauka.