Meza ya Ubao Mmoja

Enzi zile Mfalme wa London alipokuwa bado ndiye mfalme wa watu wa New Hampshire, koloni lake huko Amerika, ukitaka kujua nani anamposa nani, na mchungaji alimsema nani kwa mafumbo Jumapili, hukuwa na haja ya kuhangaika. Ulikwenda kwenye nyumba ya wageni ya Keziah Pettengill pale Barrowfield, ukaketi mezani, ukaagiza pombe ya matofaa, ukanyamaza. Mengine yalikuja yenyewe.

Na meza yenyewe ilikuwa habari. Jotham, mumewe, aliichonga kutokana na msonobari ulioangushwa na upepo shambani kwao. Ubao mmoja mtupu, mpana kama mlango wa ghala, hauna kiungo wala ufa. Chembe ya mkate haikupata pa kujificha. Keziah aliisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, na ole wake atakayetua chungu cha moto juu yake bila kuweka kitambaa.

"We Reuben! Hiyo ni meza au jiko la mamako?"

"Shemeji, mamangu si ndiye mama mkwe wako?"

"Ndiyo maana najua hukulelewa."

Nyumba nzima ilicheka. Reuben, mdogo wake Jotham, alikuwa hodari wa kulalamika: leo ushuru, kesho magavana. Keziah hakutaka kusikia. Kwake kikombe cha kwanza kiliinuliwa kwa afya ya Mfalme, na asiyeinua hakuongezwa supu. "Mfalme mtu mwema," alisema. "Wanaomharibu ni hao wanaomzunguka."

Sasa, sheria ya misonobari kila mtu aliijua. Msonobari wowote mnene ulikuwa mali ya Mfalme, uwe umeota msituni au nyuma ya zizi lako, maana manowari zake zilihitaji milingoti. Watu wake walipita wakiipiga miti shoka mara tatu, alama kama unyayo wa kuku, wakaiita mshale wa Mfalme. Hata mti ulioanguka wenyewe ulikuwa wake. Basi watu walifanyaje? Walikata, wakapasua mbao nyembamba kuliko kipimo cha sheria, wakatandika sakafu zao na kufunga midomo. Zunguka Barrowfield yote, hukuona ubao mpana. Isipokuwa kwa Keziah. Jotham alitaka kuupasua kama wenzake. Keziah ndiye aliyemshika mkono. "Uzuri wote huu uupasue? Nani atakuja kupima meza?"

Alikuja. Mchana mmoja wa mvua aliingia mgeni mwenye koti la kahawia lililojaa tope, mpole, mwenye njaa. Keziah alimpa supu na maneno, na maneno yalikuwa mengi kuliko supu.

"Meza nzuri, mama," mgeni alisema. "Kwenye maungio unasafishaje?"

"Maungio yapi? Pitisha mkono, bwana! Ubao mmoja huo, kutoka shambani kwetu. Hata gavana hana!"

Mgeni alipitisha mkono, taratibu, toka ukingo huu hadi ule. Kisha akatoa mkobani kipimo cha kukunja. Reuben aliweka kijiko chini. Mdomo uliponza kichwa.

"Naitwa Pinnock," alisema. "Naibu wa msimamizi wa misitu ya Mfalme." Alichomoa shoka dogo, akapiga mara tatu karibu na bakuli lake. Mshale ukabaki pale, mweupe, kama kidonda kipya. "Jumamosi nitarudi na gari kuichukua. Na mumeo atakuja nami kortini."

"Bwana, mti ule uliangushwa na upepo!"

"Upepo wa Mfalme, mama."

"Na manowari itafanya nini na meza? Mtaipandisha tanga?"

"Haitafanya chochote. Itaoza bandarini. Sheria ni sheria."

"Aliyeitunga ni nani?"

"Bunge. London."

"Humo ndani yuko mtu yeyote wa kwetu?"

Pinnock alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mbwa huvaa miwani. "Hakuna," alisema, akaweka fedha ya supu, akaenda zake.

Siku ya pili Jotham aliingia na msumeno na randa. "Naipasua katikati. Mshale nitaupiga randa utoke. Akija atakuta meza ya mbao mbili nyembamba, kama za watu wote. Atashtaki nini?"

Keziah alishika upande wake ili meza isicheze. Meno ya msumeno yaligusa ubao. Na hapo Keziah aliuwekea mkono msumeno, usiende.

"Nini tena, mke wangu?"

"Nafikiria sakafu ya Shemasi Eliphalet. Nyembamba. Ya dada yangu, nyembamba. Hata mabenchi ya kanisa. Jotham, sisi wote tumepasua vitu vyetu vipande vipande, kisha tunakaribishana na kusifiana, 'Ah, sakafu nzuri,' kana kwamba ndivyo tulivyotaka." Aliuondoa msumeno kwenye meza. "Hii haipasuliwi."

"Watanifunga, Kez."

"Itabidi wakupitishe katikati ya watu kwanza."

Akajifunga shali, akatoka. Miaka yote maneno yake yalikuwa yakizurura kijijini bila kazi. Siku ile aliyatuma. Alipita kisimani, kinuni, kwa mhunzi, akabisha hadi kwa Shemasi, ambaye alikohoa sana, akataja subira, akataja Waraka kwa Warumi na kutii wenye mamlaka, mwisho akauliza chakula kitakuwa nini.

Jumamosi Pinnock alifika na gari la ng'ombe na vibarua wawili. Alikuta mlango wazi na meza imejaa pande zote, viwiko vikigusana. Shemasi alikuwa katikati, leso shingoni.

"Ondokeni mezani."

"Tunakula, bwana," Reuben alisema. "Ila nafasi haikosi. Sogeeni, jamani, msimbane mgeni."

Kibarua mmoja alinusa harufu ya maharagwe jikoni, akamtazama bwana wake, akaitazama meza, akavua kofia na kuketi. Watu walicheka. Pinnock hakucheka. Alimgeukia Keziah na sauti ikawa laini.

"Mama, mimi si mkorofi. Nasikia kila siku hapa mnakunywa kwa afya ya Mfalme. Inua kikombe chako mbele yangu, niseme nyumba hii ni ya raia wema. Meza nitachukua, lakini mumeo nitamwacha."

Jotham alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono juu ya ubao wake, usoni hana damu. Hakumwomba mkewe neno. Keziah alikishika kikombe. Mkono ulikizoea, ulitaka kukiinua wenyewe. Akayatafuta moyoni yale mapenzi aliyokuwa nayo kwa Mfalme, mtu mwema anayeharibiwa na wanaomzunguka, na kila alipotafuta alikutana na mshale ule mweupe mezani.

Akakiweka kikombe chini. Akaingia jikoni, akarudi ameshika kwa aproni chungu cha maharagwe, kinatokota, kimetoka tanuruni sasa hivi. Watu walisogeza mabakuli na kutafuta kitambaa cha kutandika. Hakungoja. Alikitua mezani, juu ya mshale wa Mfalme, barabara. Ubao ulilia *tss*, moshi mwembamba ukapanda, harufu ya msonobari ulioungua ikajaa nyumba.

Reuben alikodoa macho. "Shemeji! Hiyo ni meza au jiko la mamako?"

"Ni meza yangu," Keziah alisema. Akachukua upawa, akaanza kumpakulia Jotham.