Vikombe vya Kutupwa

Mkwe wangu Muhidini aliuchukua ukumbi wangu kwa adabu kubwa. Aliingia, akanipa shikamoo, akakaa mkekani kama mtu aliyekuja kuposa mara ya pili, kisha akasema, "Mama, mtindi wa barafu ndiyo biashara ya sasa. Dar kila kona wamefungua."

"Mtindi naujua," nikamwambia. "Barafu naijua. Ukumbi wangu umekosa nini?"

Ukumbi haukukosa kitu. Kosa lake lilikuwa kutazamana na barabara wanayopita watalii na wanafunzi. Basi makochi yakahamia chumbani kwangu, nikawa nalala na mguu wa kochi umenielekea usoni, na pale ilipokuwa televisheni ikasimama mashine yenye mikono mitatu, inanguruma kama mtu mwenye mafua.

Nilikubali kwa sababu moja, na nitaisema bila haya: binti yangu Samia. Miaka sita alikuwa Dar na mumewe, namwona kwenye Idd na misiba, na misiba ndiyo iliyokuwa inamleta zaidi. Duka likishika, wanabaki Bagamoyo. Lisiposhika, kampuni ya mtindi inachukua mashine yake na Muhidini anamchukua mke wake. Kampuni yenyewe ilisema itaamua kwa mauzo ya siku ya Idd.

Muhidini alinieleza siri ya biashara. Mteja anajikamulia mwenyewe, anajimwagia vikorombwezo mwenyewe, halafu anapima kwenye mizani na kulipia uzito. "Mtindi wenyewe ni upepo, mama. Mashine inapulizia hewa ndani. Faida iko kwenye vikorombwezo, kwa sababu mteja hajui kujizuia."

Hapo alikuwa hajawaona watu wa Bagamoyo. Vikorombwezo vya kampuni vilikuwa biskuti za kusagwa na peremende za rangirangi, vyote vyepesi, vyote vitamu kwa ubishi. Mtindi nao ulitoka kwenye unga wa gunia, na ng'ombe wamejaa huko malishoni Ubena wanatutazama tu. Watu waliingia usiku baada ya tarawehe, wakapewa kijiko cha kuonja, wakaonja, wakaondoka. Jirani yangu Bi Fatu alionja ladha zote tatu kila siku, na kila siku alijitia hamnazo, kana kwamba ndiyo kwanza kaingia dukani.

"Huu wa pinki ni wa nini, Bi Hajra?"

"Ni ule ule wa jana, Bi Fatu."

"Hebu nihakikishe."

Ramadhani ikafika ukingoni. Sasa, mkwe wangu anafuata mwezi wa kimataifa. Ukiandama kokote duniani, yeye anapata habari kwenye simu na kula pilau. Mimi nafuata mwezi wa kwetu. Tumeishi hivyo miaka yote bila ugomvi: mmoja ana Idd, mwenzake amefunga, anayepika anapika mara mbili. Lakini mtu anayefanya biashara anatakiwa awaulize wateja wake wanaangalia mwezi gani. Muhidini hakuuliza. Alhamisi jioni simu ilimwambia kesho ni Idd, naye akakoroga ndoo tatu.

Mwezi wa kwetu haukuonekana. Ijumaa asubuhi Muhidini alirudi kutoka kuswali Idd na wenzake, hawajai hata kiwanja cha shule, amevaa kanzu mpya, amefungua duka, na mji mzima umefunga. Watu walipita mbele ya mlango wakimeza mate na kumtazama kwa hasira.

"Huu ukikaa hadi kesho?" nikamuuliza.

"Hauuziki, mama. Kampuni inataka wa siku ile ile. Uliobaki unamwagwa. Kesho nitakoroga unga uliobaki, unatosha ndoo mbili."

Kumwaga ndoo tatu za chakula siku ya thelathini ya Ramadhani, ndani ya nyumba yangu! Nilichota kidogo, nikauweka kwenye ncha ya ulimi kama tunavyopima chumvi ya mchuzi tukiwa tumefunga, nikatema. Mtamu mno, lakini hauna dhambi ya kustahili kumwagwa.

"Samia," nikaita, "lete masinia."

Jua likielekea kuzama tukapita nyumba hadi nyumba, mimi na binti yangu, tukigawa vikombe vya mtindi wa barafu kama watu wanaopelekeana futari. Vikombe mia na ishirini. Muhidini alikaa mlangoni ameshika kichwa. Vikombe ndivyo kampuni inavyovihesabu kulinganisha na mauzo, akalalamika, na kesho mtu wao anakuja. Nikamwambia anywe uji wake.

Idd yetu ikafika Jumamosi, na mtu wa kampuni akafika nayo, kijana mmoja anaitwa Haidar, amejipulizia marashi hadi mtaa wa pili. Muhidini alikuwa ndiyo kwanza anaanza kujieleza kuhusu vikombe, mara Bi Fatu akaingia. Mkononi ana kikombe chetu cha plastiki, cha kutupwa, amekiosha, amekifuta, amekijaza halua.

"Chombo chenu," akasema. "Mkono wa Idd."

Maana kwetu chombo cha futari hakirudishwi kitupu, na hakuna aliyewaambia majirani zangu kwamba kile hakikuwa chombo. Nyuma yake alikuja mwingine na kashata za nazi. Mwingine visheti. Mwingine ubuyu, mwingine kaimati bado za moto. Hadi saa nne meza ilijaa vikombe vya kutupwa ambavyo hakuna aliyevitupa.

Haidar alitazama kama mtu aliyeingia harusi asiyoalikwa. Mimi nilimwaga peremende zao kwenye mfuko, nikapanga halua, kashata na visheti mahali pake, nikasema, "Haya, jikamulieni."

Watu walijikamulia. Watoto walikuja na pesa zao za sikukuu, akina mama wakaja kuangalia watoto wasipunjwe, wakabaki. Na halua jamani si biskuti! Kipande kimoja kinaishusha mizani kama jiwe. Bi Fatu alinunua halua yake mwenyewe juu ya mtindi wa pinki, akalalamikia bei, kisha akarudi kuongeza. Kabla ya adhuhuri ndoo mbili zilikuwa zimekwisha.

Haidar alipiga picha kila kitu, hata kidole changu. Aliongea kwenye simu nyuma ya nyumba, akarudi anacheka hadi magego.

"Mashine inabaki, mama."

Nilitaka kupiga kigelegele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Na kaka Muhidini tunamhitaji Dar," akaendelea. "Akaweke vikorombwezo hivi kwenye maduka yetu yote. Nyumba tutampa."

Nikafunga mdomo. Muhidini alikuwa ameng'aa uso mzima, na Samia aliangalia sakafu. Niliyataka yote mawili, mwanangu na duka, na kwa akili zangu mwenyewe nimeliponya duka hadi likamchukua mwanangu. Roho iliniuma, sitasema uongo.

Waliondoka baada ya wiki. Samia alipokuwa anafunga begi, nilishusha kabatini bakuli langu la maua, la harusi yangu, lililobaki peke yake katika sita, nikalijaza kashata.

"Mama, hili litavunjika njiani. Niwekee kwenye kikombe cha plastiki."

"Vile ni vya kutupwa."

Alilishika bakuli kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu kuliko kashata zilivyostahili.

"Kashata hizi hazimalizi siku mbili, mama."

"Basi siku ya tatu nakungoja uniletee bakuli langu," nikamwambia, nikaenda kuwasha mashine.