Waliobaki Mashineni

Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, wafanyakazi wa aproni za bluu waliitwa chumba cha chakula wakafundishwe namna ya kuizima pasi kubwa ya rola la moto inapomnasa mtu. Wale wa aproni za kijani, walioletwa na wakala wa vibarua, waliachwa mashineni ili kazi isilale. Aliyewagawa hivyo ni msimamizi wa zamu, kama ilivyokuwa desturi pale.

Miongoni mwa wale wa kijani alikuwemo wifi wa msimamizi huyo, mke wa kaka yake.

"Na sisi tutafundishwa lini, wifi?" aliuliza, huku akilisha shuka kwenye rola.

"Nyie mna wakala wenu. Mimi nimewaazima tu."

"Haya jamani, tumekuwa masufuria!"

Wote walicheka, msimamizi naye akacheka.

Somo halijaisha, ukasikika ukelele. Rola lilikuwa limeuvuta mkono wa wifi. Wenzake walihangaika wakitafuta swichi ukutani, ilhali kamba ya kuzimia ilining'inia juu ya vichwa vyao. Msimamizi alitoka mbio chumba cha chakula, akaivuta. Vidole vilikwisha kuungua na kupondeka.

Kesho yake meneja alimwita msimamizi.

"Mkaguzi wa kazi anakuja. Mwambie yule mama alifundishwa, akapuuza. Tena si mtu wetu."

Wakala naye alisema kwa simu, "Mimi naleta watu. Mashine si zangu."

Msimamizi alifahamu maana yake: wifi akionekana mzembe, matibabu na fidia atavikosa, na mkono ule ndio uliowalisha watoto wake. Lakini yeye mwenyewe akisema kweli, huenda kazi ikamponyoka.

Jioni alikwenda wodini. Wifi alijaribu kutabasamu.

"Usijilaumu, wifi. Uzembe wangu. Kamba ipo, mimi sikuiona."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Alitaka kumwambia kweli. Badala yake akamtengenezea mto, akaondoka.

Mkaguzi alipofika alisimama mbele ya pasi, akauliza, "Nani alimfundisha kuizima?"

Meneja alikohoa. Msimamizi alisogea mbele, akajibu.

"Hakufundishwa. Niliwaita wengine, yeye nikamwacha kwenye mashine."

"Lakini huyo ni wa wakala!" meneja alifoka.

"Mashine ya nani?" mkaguzi aliuliza. "Amri alipewa na nani?"

"Na mimi," msimamizi alijibu.

"Basi wakala atajibu yake, nanyi mtajibu yenu. Kumkodi mtu hakuwaondolei wajibu wa kumlinda."

Pasi ilifungwa mpaka wote wafundishwe, na gharama za matibabu zikawekwa juu ya kiwanda na wakala kwa pamoja. Meneja hakumsemesha tena msimamizi, wala haijulikani kama zamu yake itabaki.

Msimamizi alirudi wodini, safari hii akasema. "Hukuwa mzembe, wifi. Ni mimi niliyekuacha."

Wifi aliugeuza uso wake, akautazama ukuta. Msimamizi alikaa pale pale kitini, bila kuomba asamehewe.

Ewe uliyeyasoma haya, msomee na mwenzako asiyejua kusoma, hasa yule anayepelekwa kazini na wakala. Naye amsimulie mwingine.