Makalavati ya Langoni

Bosi wetu wa idara ya ujenzi tulimwita Bwana Ukuaji, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Ukichelewa kazini, umechelewesha ukuaji. Choo kikiziba, ukuaji umekwama. Siku hizi serikali haijengi tena kitu, inakuza uchumi. Mimi ni dereva wa tipa. Nimeukuza uchumi huo miaka kumi na moja, na suruali ya kazi ni ile ile.

Mwaka huo tuliletewa makalavati sita, yale mabomba mapana ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara. Yalikuwa ya kijito kinachokata njia ya kwa dada yangu. Dada hukusanya maziwa kwa majirani na kuyafikisha kiwandani kabla ya saa tatu asubuhi. Kiwanda kilishamwonya kwamba akichelewa mara tatu, mkataba basi, na mvua ikinyesha kijito kile hakivukiki mpaka mchana. Siku ya kuyashusha nilimpigia simu, nikamwambia sasa alale usingizi.

Kisha ikaja barua kwamba mgeni rasmi atakuja kukagua maendeleo. Bwana Ukuaji akazunguka ofisi mara mbili, akasema langoni pamekaa uchi. Tukayasimamisha makalavati pale, matatu huku, matatu kule, tukayapaka chokaa, tukayajaza udongo, tukapanda maua. Hata udongo ulikuwa kifusi cha barabara hiyo hiyo. Niliuleta mimi.

Mgeni alikuja na magari tisa, akakaa dakika arobaini, akayasifu maua. Akatusomea kwamba uchumi wa wilaya umekua kwa asilimia saba. Nadhani hema, viti na posho zetu za kupiga makofi vyote vilikuwa humo. Makofi nilipiga, na posho nilichukua.

Wiki iliyofuata nilimkuta Bwana Ukuaji mezani anabangua karanga.

"Bosi, yale makalavati tuyapeleke sasa. Mvua imekaribia."

"Yapi?"

"Ya langoni."

Akavuta faili, akapitisha kidole chenye chumvi. "Stoo wameandika yametoka na yamesimikwa. Nikiyang'oa niandike nini? Kwamba tumerudisha maendeleo nyuma?"

"Lakini bosi, yana maua."

"Maua nayo ni ukuaji," akasema, wala hakucheka. Mtu ana digrii mbili, na kichwani mna upepo wa kutosha matairi yote ya tipa yangu.

Mvua ikanyesha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi kiwanda kikamwambia dada asirudi tena.

Alikuja moja kwa moja ofisini kwetu, gauni limelowa hadi magotini, na madumu mawili ya maziwa yaliyochacha. Mimi nilikuwa naosha tipa karibu na lango. Hakunisalimia. Alifungua dumu, akamimina kwenye maua ya kalavati la kwanza, akahamia la pili, hana haraka. Alipofika la nne harufu ilishamtoa Bwana Ukuaji nje.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nimeambiwa kalavati letu liko hapa, mheshimiwa," dada akasema taratibu. "Nikaona basi nije nivukie hapa."

Walinzi wakageuza nyuso zao pembeni. Bwana Ukuaji akanigeukia mimi.

"Dereva, huyu unamfahamu?"

Nilifikiria kazi yangu, ada za watoto, kodi ya nyumba. Miaka yote hiyo nilikuwa namdharau bosi yule, nikijiona bora kuliko yeye.

"Hapana, bosi," nikasema.

Dada alimaliza la tano na la sita. Akafunga madumu yake vizuri, kila kifuniko mahali pake, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Haya, kazi njema, mdogo wangu," akaniambia, akaondoka.

Bwana Ukuaji akaagiza pale mahali paoshwe kabla ya saa sita. Nikaenda kuchota maji.