Jasusi Aliyeoa Kabla ya Kuchumbia

"Wapendwa wa Nakivale na ulimwengu kwa jumla, leo saa nane kamili historia itasimama ipumue."

Hivyo ndivyo Melchior, mfasiri wa filamu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alivyotangaza kwa kipaza sauti. Ulimwengu kwa jumla ulikuwa kuku wanne na mama mmoja aliyekuwa akianika mtama, ambaye alimwomba asogee mbali kwa sababu kuku walikuwa wanataga.

Kazi ya Melchior ilikuwa kukaa kando ya televisheni katika kibanda cha video na kueleza kwa Kiswahili yanayosemwa na Wazungu. Asubuhi ile mwenye kibanda, Mama Constance, alikuwa amemwonya kwa Kiswahili cha Kongo: "Papa Melchior, kama leo batu habatakuya mingi, kesho naweka mashini ya kusaga hapa, hii fasi ya video. Mahindi haiombake mufasiri."

Basi akaleta kutoka Kakoba, Mbarara, kichekesho cha kijasusi cha miaka ya sitini, chenye ngamia na suti nyeupe, diski mbili. Muuzaji aliapa ni Kifaransa. Kumbe ilikuwa lugha ambayo Melchior hakuwahi kuisikia hata kanisani.

Filamu ilipoanza, mambo yakaharibika zaidi. Kabla watu hawajazoea giza, jasusi alikuwa amefunga ndoa. Katika diski ya pili akakutana na mkewe na kumuuliza jina.

"Amemusahau bibi yake?" aliuliza Léopold, fundi matofali.

Kwenye skrini, jasusi alisimama mbele ya meza ya hoteli akatoa pasipoti moja, ya pili, kisha ya tatu. Hakuna aliyecheka.

"Amejiandikisha zoni tatu za kambi," alinong'ona Jeannette, muuza dagaa. "Ofisi ya wakimbizi itamukatala."

Melchior akapata njia. "Ni intavyuu ya kuhamia Kanada," alisema. "Anaulizwa alioa lini. Amechanganyikiwa, kwa sababu alioa kwanza, akachumbia baadaye."

Watu wakaanza kuitana. Waliokosa benchi walichungulia kwenye nyufa za ukuta. Jasusi alipotumbukia katika bwawa la hoteli, wanawake watatu walishika vichwa.

"Dosiye imelowa, makaratasi yote ya Kanada," walisema.

Diski ikaisha jasusi akiwa mbele ya mlango uliofungwa. Hakuna aliyeinuka.

"Balimuita Kanada ao hapana?" aliuliza Mama Constance mwenyewe. "Mashini ingoje kwanza."

Melchior alizichukua diski zote mbili, akazitazama namba, kisha akalitazama benchi la nyuma, alipoketi msichana mmoja wa bweni aliyekuwa likizoni, akichunguza paa kwa bidii ya kitaaluma.

"Bella. Nani amebadilisha hizi namba?"

Bella ni mimi. Nilizibadilisha tulipokuwa tunasafiri pamoja kutoka Mbarara, ili nicheke kidogo. Sikucheka. Jasusi alipotumbukia bwawani, nami nilishika kichwa.

"Basi waambie wewe kama aliitwa," alisema Melchior, akaketi.

Jeannette akasogea, akanipa nafasi kando yake.

"Sema polepole," akaniambia.